Kufunga uzazi, kibali au marufuku: ni sheria gani ya mbwa na paka inayoufaa mji?

Rasimu ya sheria ndogo kuhusu wanyama wa nyumbani ikifika kwa madiwani, ukumbi hugawanyika upesi. Upande mmoja wako wanaopokea matokeo ya uzembe: wafanyakazi wa vituo vya kuhifadhi wanyama, wauguzi wanaosafisha majeraha ya meno, jirani anayekesha kwa kelele za mbwa wa nyumba ya pili. Upande wa pili wako wafugaji na wazalishaji ambao wanyama wao wamechanjwa, wana kumbukumbu za ukoo, na hawajawahi kuonekana barabarani bila kamba. Hawa huuliza kwa nini wabanwe wao. Ukiwasikiliza vizuri utaona hawazungumzii mnyama mmoja: huyu ana mbwa koko akilini, yule ana jike wake anayelala sebuleni.

Mvutano huzidi kwa sababu rasimu nyingi hukusanya mambo yote mahali pamoja. Kufunga uzazi kwa lazima, vibali vya kuzalisha, marufuku ya aina fulani za mbwa, leseni, idadi ya wanyama kwa kila nyumba, vyote viko kwenye karatasi moja, na raia anatakiwa aseme ndiyo au hapana kwa mara moja. Ni afadhali kuvitenganisha, maana karibu kila kimoja kina mbadala wake, na mbadala huo unaweza kuwa bora kuliko kilichopendekezwa.

Nitavipima kwa swali moja kabla ya mengine: je, sheria hii inamfanya mwenye mnyama ajitokeze, au inamfanya ajifiche? Swali hilo silitoi hewani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu 99% ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Ili kukata mnyororo wa ugonjwa huo inahitajika kuchanja angalau 70% ya mbwa wa eneo husika. Mbwa aliyefichwa hachanjwi. Kwa hiyo sheria yoyote inayowasukuma wenye mbwa mbali na mchanjaji inapaswa kuonyesha faida kubwa sana upande mwingine ndipo ikubalike.

Kufunga uzazi kwa lazima, au kwa ruzuku

Hapa ndipo makelele huwa makubwa zaidi, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mfano unaotajwa sana ni Los Angeles. Mwaka 2008 mji huo ulipitisha sheria kwamba mbwa na paka wote wafungwe uzazi wakifika umri wa miezi 4. Ziliwekwa ruhusa maalumu: mbwa wa maonyesho, mbwa wa polisi na wa kuongoza wasioona, wanyama ambao daktari amesema hawawezi upasuaji, na wale ambao wenyewe wana kibali cha kuzalisha. Mwaka mmoja kabla, muswada wa namna hiyo kwa jimbo zima la California ulikuwa umekwama bungeni.

Hoja ya wanaounga mkono inaeleweka. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kuingia joto tena akiwa bado ananyonyesha. Mwenye paka anayesema "nitamfanyia mwezi ujao" hujikuta ana watoto watano ndani ya kabati. (Mabango ya kampeni husema jozi moja ya paka inaweza kuleta paka 420,000 kwa miaka saba. Hesabu hiyo inadhani hakuna hata mmoja anayekufa, anayegongwa na gari wala anayekosa mwenza, kwa hiyo iache kwenye bango. Huihitaji ili kukubali kwamba paka huzaa sana.)

Hoja ya wanaopinga ina sehemu mbili, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni afya ya mnyama. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa mbwa aina ya golden retriever na kukuta kuwa waliofungwa uzazi mapema, kabla ya mwaka mmoja, walipata magonjwa ya viungo kwa kiwango kikubwa kuliko wengine. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa athari hutofautiana kwa aina na ukubwa wa mbwa. Mbwa wadogo wengi hawaonyeshi tatizo hilo. Maana yake ni kwamba umri mmoja uliowekwa na sheria kwa wanyama wote hauendani na wanachokiona madaktari wa mifugo. Lakini hili linarekebishika kwa kifungu kimoja: mwachie daktari achague umri. Anayeisimamisha hoja hii kama sababu ya kuikataa sheria nzima anaipa kazi kuliko nguvu zake.

Ya pili ndiyo nzito. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kinahimiza kufunga uzazi lakini hakiungi mkono kulazimisha kwa sheria, na sababu yake ni kwamba wenye wanyama wanaweza kukwepa leseni, chanjo ya kichaa na daktari mwenyewe kwa kuogopa kugundulika. Hilo ndilo swali letu la kujitokeza au kujificha, na jibu lake si zuri kwa sheria ya lazima.

Kuna na jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita haraka. Wengi ambao wanyama wao hawajafungwa uzazi hawana msimamo wowote dhidi ya upasuaji. Hawana pesa, hawana usafiri, au kliniki iko mbali na inafungwa kabla hawajatoka kazini. Ukimtoza faini mtu wa namna hiyo, umemwondolea pesa ambayo ingelipia upasuaji. New Hampshire, Marekani, ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 1994 imekuwa na mpango wa jimbo wa kufunga uzazi kwa bei nafuu, hasa kwa wenye kipato kidogo, unaogharimiwa kwa nyongeza ndogo kwenye leseni za mbwa. Idadi ya wanyama waliouawa vituoni ilishuka kwa kiasi kikubwa katika miaka iliyofuata, bila kumlazimisha mtu.

Kati ya njia hizi mbili kuna ya tatu: kulazimisha kwa kundi dogo tu. San Francisco ilianza mwaka 2006 kulazimisha kufunga uzazi kwa pit bull (aina ya mbwa wenye nguvu) peke yao, na watetezi wake husema ilipunguza mbwa hao vituoni. Mimi ningependelea kundi lisilotegemea sura: kila mnyama anayetoka kituoni kwenda kwa mwenye mpya, na kila anayekamatwa akizurura kwa mara ya pili. Huyo wa pili ndiye ambaye mwenye wake ameshaonyesha kwamba ua haumzuii.

Halafu kuna paka wasio na mwenyewe. Rasimu nyingi humtaja "mwenye mnyama" kuwa yeyote anayemlisha, na kifungu hicho kinaonekana cha busara hadi kimguse mwanamke mzee anayewawekea paka kumi wa uchochoroni sahani ya chakula kila jioni. Kisheria yeye sasa ana paka kumi ambao hawajafungwa uzazi, na ana deni la faini kumi. Ataacha kuwalisha, na wale waliokuwa wakitumia muda wa kula kuwatega paka hao, kuwafunga uzazi na kuwarudisha walipokuwa watakosa mahali pa kuwapata. Ukisoma rasimu ya mji wako, tafuta tafsiri ya "mwenye" kabla ya kitu kingine chochote.

Kibali cha kuzalisha, au marufuku ya kuuza dukani

Kibali humlenga anayezalisha. Marufuku ya dukani humlenga dalali. Ni shabaha mbili tofauti, na mji hukosea unapodhani moja inafanya kazi ya nyingine.

Mzalishaji mdogo, anayezalisha mara moja kwa miaka miwili na kuwapima mbwa wake nyonga na macho kabla ya kuwapandisha, ni rahisi kumpata. Yuko kwenye orodha ya chama, ana namba ya simu kwenye tangazo, anakaribisha wanunuzi nyumbani. Ndiye atakayelipa ada na ndiye atakayekaguliwa. Shamba linalofuga majike mia kwenye vizimba liko kilomita nyingi nje ya mpaka wa mji, na sheria ndogo ya mji inaishia mpakani. Wazalishaji wadogo wanapolalamika kwamba kibali kinawaadhibu wao badala ya wabaya, wana haki kwa sehemu kubwa.

Ila si yote. Kibali chenye masharti mazuri kinaweza kumgusa mzalishaji wa uani anayejificha nyuma ya maneno "ni mbwa wa familia tu". England huhitaji leseni kwa anayezalisha na kuuza watoto wa mbwa wa matumbo matatu (yaani mizao mitatu) au zaidi ndani ya miezi 12, na anayeifanya kama biashara huhitaji leseni hata chini ya hapo. Hesabu ya matumbo ni kipimo kizuri: inamwacha mwenye jike mmoja aliyeponyokwa na mbwa wake, na inamkamata anayezalisha majike kadhaa mwaka mzima. Los Angeles nayo ilikuwa na kibali, na mwaka 2024 vituo vilipojaa kupita kiasi mji ukasimamisha kutoa vibali vipya vya kuzalisha mbwa. Naelewa hasira iliyosababisha uamuzi huo, lakini aliyekuwa anaomba kibali ndiye pekee aliyekuwa anajulikana. Asiyeomba hakusimamishwa na chochote.

Marufuku ya dukani ina historia ndefu kidogo. Mji wa Albuquerque, Marekani, ulikataza maduka kuuza mbwa na paka mwaka 2006, miji mingine ikafuata, na kuanzia 1 Januari 2019 jimbo zima la California likayataka maduka yaweke wanyama kutoka vituo vya kuhifadhi au vikundi vya uokoaji tu. Uingereza, upande wa England, ilichukua njia tofauti mwezi Aprili 2020: mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi sita haruhusiwi kuuzwa na mtu wa kati, na mnunuzi anatakiwa amwone pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Ufaransa iliyakataza maduka kuuza mbwa na paka kuanzia mwaka 2024.

Sheria ya England naiona bora kuliko ya California kwa sababu ya mama. Kumwona mama ni jambo ambalo mnunuzi wa kawaida anaweza kulikagua mwenyewe bila mkaguzi wa serikali. Sharti la California liliacha mlango wazi: madalali walianza kujiandikisha kama vikundi vya uokoaji, wakaendelea kuleta watoto wa mbwa walewale kwa jina jipya, na jimbo likalazimika kutunga sheria nyingine mwaka 2020 kuuziba mwanya huo. Na hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia vizuri matangazo ya mtandaoni, ambako muuzaji hukutana na mnunuzi kwenye maegesho ya magari.

Kupiga marufuku aina, au kuadhibu tabia

Uingereza ilipitisha sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kutaja aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Ya tano, XL Bully, iliongezwa baadaye, na kuanzia 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye England na Wales bila cheti cha msamaha. Katikati ya tarehe hizo mbili, idadi ya watu waliolazwa hospitali za England kwa kuumwa na mbwa haikushuka. Iliongezeka kati ya 1998 na 2018.

Uholanzi ilikataza pit bull mwaka 1993 ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2008 baada ya kuona kwamba kuumwa hakujapungua. Mji wa Denver, Marekani, uliwapiga marufuku mwaka 1989, na mwaka 2020 wapiga kura wenyewe wakaamua kuibadilisha iwe kibali maalumu. Marufuku ya Miami-Dade, nayo ya 1989, ilikufa mwaka 2023 kwa sheria ya jimbo la Florida. Jimbo la Ontario, Kanada, bado linayo yake ya mwaka 2005.

Kwa nini hazifanyi kazi inavyotarajiwa? Kwanza, mbwa wengi wanaouma si wa aina hizo. Pili, mtu anayetaka mbwa wa kutisha watu hubadili aina tu. XL Bully mwenyewe alipata umaarufu Uingereza wakati pit bull alikuwa ameshakatazwa. Tatu, kumtambua mbwa kwa macho ni kazi ngumu. Sheria ya Uingereza hupima umbo, si ukoo, kwa hiyo mtoto wa wazazi wanaoruhusiwa anaweza kuchukuliwa kwa sababu ya upana wa kichwa chake, na mbwa mtulivu akakaa kizuizini miezi mingi kesi ikisubiri. Wenye mbwa wa namna hiyo hufanya nini? Humtoa usiku, hawampeleki kliniki, hawamwandikishi.

Upande wa pili una hoja moja ambayo hairuhusiwi kupuuzwa: mbwa mdogo akiuma unapata mshono, mbwa mkubwa mwenye nguvu akiuma unaweza kufa, na sheria ya tabia husubiri mpaka kosa la kwanza litokee. Aliyefiwa na mtoto hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mbwa hakuwa na rekodi.

Jibu ni kutosubiri meno. Calgary, Kanada, haikupiga marufuku aina yoyote. Ilichagua kuorodhesha makosa ya mwenye mbwa na kupandisha adhabu kadiri yanavyokuwa mazito: kumkimbiza mtu, kumtisha, kuharibu mali, kuuma. Mbwa aliyeruka ukuta mara mbili na kumfukuza mpita njia ameshatoa taarifa. Mji unaoiandika taarifa hiyo na kumlazimisha mwenye kuinua ua na kumfunga mdomo mbwa wake akiwa nje umechukua hatua kabla ya hospitali. Hilo linahitaji ofisi inayopokea malalamiko na kuyafuata kweli, na ndiyo maana madiwani wengi hupenda marufuku: orodha ya aina nne haihitaji mtu wa kupokea simu.

Leseni, au chipu

Uingereza iliifuta leseni ya mbwa mwaka 1987. Ilikuwa pensi 37 na wengi hawakuilipa, maana haikuwapa chochote. Kuanzia Aprili 2016 England ikalazimisha chipu ndogo chini ya ngozi kwa mbwa, na Juni 2024 kwa paka. Chipu haipotei kama kibati cha shingoni, lakini yenyewe ni namba tu. Mwenye akihama bila kubadilisha anwani, kituo kitasoma namba na kupiga simu isiyopokelewa.

Leseni ya Calgary ilifaulu kwa sababu mlipaji aliona faida: mnyama aliyepotea akiwa na leseni anaweza kurudishwa moja kwa moja nyumbani badala ya kupelekwa kituoni, ada ni ndogo kwa aliyefungwa uzazi, na mapato yanaendesha huduma za wanyama. Linganisha na kodi ya mbwa ya miji ya Ujerumani, ambayo huingia kwenye mfuko wa jumla na mara nyingi humtoza zaidi mwenye mbwa wa pili. Kodi hiyo inakusanyika, lakini Wajerumani wameinung'unikia miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Kama mji wako unapanga leseni, uliza pesa zinaenda wapi.

Kikomo cha idadi

Hili litachukua nafasi fupi. Beijing huruhusu mbwa mmoja kwa kaya katika maeneo yake ya mjini, asiyezidi sentimita 35 kwa kimo. Shanghai nayo iliweka mbwa mmoja mwaka 2011. Singapore ilikataza paka kwenye nyumba za umma kwa miongo mingi, na watu wakaendelea kuwa nao nyuma ya mapazia mpaka Septemba 2024 ilipowaruhusu wawili kwa kila nyumba kwa sharti la leseni na chipu. Paka walikuwepo wakati wote. Kilichobadilika ni kwamba sasa serikali inaweza kujua wako wapi.

Kikomo hutungwa kwa ajili ya kelele, harufu na wale wanaorundika wanyama hadi wawashinde. Kelele na harufu zina sheria zake tayari. Warundikaji hugunduliwa na pua ya jirani, si na rejista.

Uchague nini

Mji wenye kichaa cha mbwa usianze na kitu kingine: chanjo ya bure au ya bei ya chini kabisa, leseni inayoambatana nayo, na usiwepo hata mstari mmoja wa sheria unaomfanya mtu aogope kumleta mbwa wake kwenye chanjo. Kufunga uzazi kwa lazima kusubiri.

Mji ambao kichaa kimedhibitiwa lakini vituo vimejaa uweke pesa kwenye upasuaji wa ruzuku, ulazimishe kwa wanaotoka vituoni na wanaokamatwa tena, na uandike kibali cha kuzalisha kwa hesabu ya matumbo. Marufuku ya dukani unaweza kuipitisha pia, kwa kuwa haimgusi mwenye mnyama hata mmoja, ila iwe na sharti la kumwona mama.

Mji ambao tatizo lake ni kuumwa uachane na orodha za aina na ununue kitu cha ghali zaidi: maofisa wa kufuatilia malalamiko. Hapo utajua kama rasimu iliyo mbele yako ni ya kweli. Fungua ukurasa wa bajeti uangalie wameajiriwa wangapi, na kama hakuna aliyetajwa, rudisha rasimu kwa aliyeileta.